Mvinje, Jongoo na Ufagio wa Susu

Nyanya yangu anafagia. Najua nyanya wote hufagia, lakini huyu wangu huanza mlangoni, akapita jikoni, akazunguka banda la kuku, kisha akaingia chini ya mivinje themanini iliyo upande wa bahari na kufagia huko pia, mpaka mchanga ukabaki na mistari kama kichwa cha msichana aliyesukwa jana. Kuku wetu wakitoka asubuhi huinua miguu kwa heshima.

Namwita Susu, kwa kuwa sisi ni Wakamba na kwetu nyanya ni susu. Yeye huniita mume wangu. Usishtuke. Mimi ni Cornelius Muthoka, na Muthoka lilikuwa jina la babu, mumewe. Mjukuu akishapewa jina la mzee, basi ameoa bila mahari. Akiniita mume wangu ujue chai iko tayari. Akiniita Cornelius, nijitafutie pa kulala.

Kwetu ni Munje, upande wa Msambweni. Shamba letu ni ekari mbili zinazoshuka kuelekea baharini, na kadiri linavyoshuka ndivyo udongo unavyogeuka mchanga, mpaka mwisho unaona kabisa bahari imeandika jina lake. Hapo mwisho ndipo babu alipopanda mivinje, mwaka mmoja kabla hajafariki. Susu alikuwa hajamsamehe.

"Mume wangu wa kwanza alikuwa mtu wa akili," aliniambia siku moja, ufagio mkononi, "isipokuwa siku aliyopanda hii."

"Imekukosea nini?"

"Inapiga kelele usiku kucha kama watu wanaosengenya. Inaangusha manyoya yake haya kila dakika. Na chini yake hakuoti kitu. Nionyeshe hata jani moja la mchicha."

"Susu, wewe ndiye unayefagia."

"Nisipofagia si ndiyo itakuwa pori?"

Hapo hoja iliisha, maana alikuwa na ufagio na mimi sikuwa na kitu.

Mimi nilikuwa na sababu zangu za kuipenda mivinje ile. Ya kwanza ilikuwa jirani yetu, Mzee Iddi. Yeye hakuwa na mti hata mmoja upande wa bahari, na kila upepo wa kusi ulipovuma ulimletea chumvi shambani. Mipapai yake ilikauka majani upande mmoja tu, kama mtu aliyekatikiwa umeme kwa kinyozi. Yetu ilisimama imenona nyuma ya mivinje, haijui hata kama kuna bahari. Nilimwonyesha Susu. Akasema Iddi hapalilii.

Sababu ya pili niliipata kazini. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa kutunza bustani katika hoteli moja huko Diani, chini ya mwanamke anayeitwa Eddah, mkubwa wetu wa bustani, mtu asiyecheka mpaka mshahara uingie. Ardhi ya hoteli ile ni mchanga na mawe ya matumbawe, lakini kila tulipohitaji udongo wa vyungu, Eddah alichukua koleo, akapotea nyuma ya chumba cha dobi, akarudi na karai la udongo mweusi unaonata kama halua.

"Huu mnanunua wapi?" nilimwuliza.

"Twende nikuonyeshe kiwanda."

Nyuma ya dobi kulikuwa na mivinje mizee. Wageni hawafiki huko, kwa hiyo hakuna aliyewahi kupafagia. Majani yalikuwa yamelala kama godoro. Eddah aliyafunua kwa mguu na pale chini nikawaona jongoo, si mmoja wala wawili, weusi, warefu kama kalamu, miguu yao myekundu ikienda kwa zamu kama askari wa gwaride.

"Majani ya mvinje hata mbuzi hayataki," Eddah alisema. "Huyu peke yake ndiye anayeyala. Yanaingia majani, yanatoka hayo unayoyaona."

"Yaani tunapanda maua ya wageni kwenye—"

"Kwenye udongo, Cornelius. Funga mdomo, shika karai."

Jioni hiyo nilipofika nyumbani nilimkuta Mzee Chande uani kwetu. Chande ni Mdigo wa hapo hapo Munje, mnunuzi wa nguzo, na amejifanyia utani na ukoo wetu kiasi kwamba asipotutukana wiki nzima tunatuma mtu kumjulia hali. Alikuwa na kamba yake yenye mafundo matatu. Kamba hiyo huzungushwa kiunoni mwa mti: ikifika fundo la kwanza mti huo ni pau, la pili ni boriti, la tatu ni nguzo, na nguzo ndiyo inayotakiwa na wenye kujenga mabanda ya makuti ufukweni.

"Shikamoo, Mzee Chande."

"Marahaba, mume wa bibi. Mkeo anataka kuniuzia miti yako."

"Yote?"

"Yote," alisema Susu. "Aikate, ang'oe na visiki, nipande mihogo. Angalau mihogo hainisengenyi."

Sasa, mvinje si mwarobaini. Ukiukata hauchipui, umeuzika. Niliiona mipapai yetu ikinyolewa nusu kichwa. Lakini Chande alitikisa kamba yake.

"Bado. Nyingi ni boriti. Subirini miaka mitatu zifike nguzo, ndipo nitazichukua zote kwa pamoja."

Miaka mitatu. Niliikamata kabla haijaanguka chini.

"Susu, nipe pembe moja, hatua kumi kwa kumi, kule nyuma ya choo cha zamani. Usifagie hapo. Na takataka za mivinje usizichome, nitazimwaga hapo mimi mwenyewe. Mzee Chande akija na misumeno, wewe uangalie udongo. Ukiona unaweza kulisha mtu, miti inabaki. Usipoweza, nitashika msumeno upande wa pili."

"Na nani ameshuhudia?"

"Mimi," alisema Chande. "Ninapenda sana kuona Mkamba akishindana na mchanga."

Siku ya pili yake niliondoka hotelini na ndoo ya jongoo, kwa ruhusa ya Eddah. Niliifunga ndoo kwa leso, nikapanda bodaboda. Tulipofika njia panda ya Ukunda dereva alihisi kitu kikimtembea shingoni. Alisimamisha pikipiki kwa ustaarabu mkubwa, akashuka, akajipangusa, akaniambia niendelee na safari yangu kwa miguu, mimi na familia yangu. Niliokota niliowaweza. Waliobaki nadhani wamepata vyeo huko Ukunda.

Susu alipoona kilichomo ndooni aliniita Cornelius siku nne mfululizo.

Lakini neno lake ni neno. Kwa miaka mitatu hakuigusa ile pembe. Kila asubuhi alifagia mpaka kwenye mpaka, akakunja mdomo, akageuka kama mtu aliyemwona mdai wake kanisani. Mimi nilimwaga majani, na mvua zilipoanza jongoo walikula. Nilikuwa najua nitashinda. Eddah alikuwa ameniambia nisichimbechimbe, nisiwaharakishe watu kazini, kwa hiyo sikuchimba. Nilifunua kidogo kila baada ya mwezi, nikaona weusi, nikafunika. Susu sikumwita aje kuona. Nilitaka aone mara moja tu, siku yenyewe, na Chande awepo apate aibu yake taslimu.

Hilo ndilo lililokuwa kosa langu.

Chande alituma salamu kwamba atakuja Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia ilikuwa zamu ya Susu kupokea maombi ya nyumba kwa nyumba. Kama hujawahi kuishi na akina mama wa kanisa letu, wacha nikwambie desturi yao: mwenye zamu hasafishi peke yake. Wanakuja asubuhi na mapema, kila mmoja na ufagio wake, na wanasafisha uwanja kana kwamba Bwana mwenyewe atapita kukagua. Susu goti lilikuwa limemvimba wiki hiyo, hakutoka nje. Alikaa jikoni akisukuma chapati, akiwasikia wakiimba na kufagia, moyo wake umetulia. Hakuna aliyewaambia habari ya mpaka.

Mimi nilitoka kazini saa nane. Nilipokaribia lango nilisikia harufu ya moshi wa mvinje, na miguu ikajua kabla yangu.

Walikuwa wamefagia kila kitu. Godoro langu la miaka mitatu lilikuwa rundo linalowaka karibu na banda la kuku, na pembe yangu ilikuwa uchi. Nilisimama pale.

Ndipo Mama Kaindi akanipita, karai kichwani.

"Cornelius, Bwana asifiwe."

"Amina, mama. Umebeba nini?"

"Udongo kidogo wa sukumawiki zangu. Kumbe mnaficha udongo mweusi kama wa mashamba ya Kitale hapa nyuma ya choo na hamsemi."

Nyuma yake alifuata Fridah, mke wa mzee wa kanisa, na gunia begani. Halafu Milcah, aliyekuwa amefungua leso yake ya pili akaijaza mpaka akatembea upande. Walikuwa wamefagia, wakakuta weusi chini ya majani, wakatazamana, na usafi ukageuka mavuno. Kulikuwa na wengine wawili bado wamechutama pale wakichota kwa sahani.

"Wale wadudu tu ndio waliotutia kiwewe," alisema Milcah. "Mungu anajua kwa nini aliwaumba. Lakini wamezama chini wenyewe, hatujawaua."

Ningeweza kuwazuia. Lakini mimi ni nani, kijana wa bustani, mbele ya jeshi la wanawake wanaoomba? Nikaingia jikoni taratibu. Susu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kisukumio mkononi, unga mpaka kwenye nyusi.

"Susu, sijui kama ni jambo la maana," nilisema, "lakini kuna watu wanatoka langoni na shamba lako."

"Wanatoka na nini?"

"Na shamba. Mama Kaindi amelibeba kichwani."

Goti au si goti, alisimama. Alitoka na kisukumio, akafika uwanjani, akamwona Kaindi akiwa mguu mmoja ndani ya lango na mwingine nje.

"Kaindi, shusha nione."

"Ni udongo tu, mama."

"Shusha."

Kaindi alishusha karai. Susu aliinama, akatia vidole, akavisugua, akavinusa.

"Umetoa wapi?"

"Hapo nyuma ya choo. Tulipofagia."

"Udongo tu," Susu alisema, kana kwamba anaonja maneno yenyewe. "Kaindi, unajua mimi nilitoka Mwala, kule Ukambani, na watoto watatu, mmoja mgongoni, kwa ajili ya nini? Udongo tu. Rudisheni."

"Mama, sisi tumefagia tangu alfajiri," alianza Fridah.

"Na Mungu atawalipa kwa kufagia. Udongo urudi."

"Hata karai moja la kushukuru?" aliuliza Milcah, leso bado ikimvuta upande.

"Tutazungumza baada ya maombi. Mbinguni hakuingiwi na leso iliyojaa mali ya mjane."

Walirudi mstari mmoja, Susu mbele akichechemea na kisukumio chake kama fimbo ya mkuu wa gwaride, wakamwaga udongo pale walipouchota. Kisha akawaruhusu waende kunawa. Alipobaki na mimi tu, alipiga magoti, jambo ambalo daktari amemkataza, akazamisha mkono. Ulizama mpaka kifundo.

"Ni wako huu?"

"Wa jongoo. Mimi nilikuwa mchukuzi."

Hakucheka. Aliendelea kupekua, akakutana na mzizi mwembamba wa mvinje, akauvuta juu. Mzizi ulikuwa na vinundu vya rangi ya kahawia vilivyoshikana pamoja kama tangawizi changa.

"Na hivi ni nini?"

"Susu, unajua mizizi ya mvinje kwa kawaida—"

"Nimekuuliza kama unajua. Sijakuuliza kama unaweza kusema."

Nilifikiria kudanganya. Nilikuwa na alama ya B katika somo la baiolojia, uongo ungetosha.

"Sijui."

"Basi kaa chini."

Nikakaa. Alivunja kinundu kimoja kwa ukucha, akakitazama ndani, akanipa na mimi nikitazame.

"Ng'oa kunde yoyote, utaviona hivi kwenye mizizi, vidogo kuliko hivi. Mama yangu alinionyesha nikiwa sijafikia hata urefu wa jembe. Alisema kunde haili chakula cha ardhi, inajipikia, na inabakiza. Ndiyo maana mahindi ukiyapanda mahali palipolala kunde, yanaamka na nguvu." Alifuta vidole kwenye khanga. "Miaka yote hii nimefikiri mti huu unakula mchanga wangu. Kumbe unafanya kazi ya kunde, na mimi kila asubuhi naamka kufagia majani yake na kuwanyang'anya watoto chakula ambacho mti umewapikia."

Mivinje ilikuwa inasengenya juu yetu, kama kawaida yake.

"Muthoka alijua?" aliuliza, na mara hii hakuwa ananiuliza mimi.

Nilijibu hivyo hivyo, kwa niaba ya babu. "Nilijua. Ila ungenipa nafasi ya kusema? Ulikuwa unafagia."

Kisukumio kilinipata begani, si kwa nguvu.

Jumatatu Chande alifika na vijana wawili, misumeno miwili na lori aliloliacha barabarani. Alikuwa amekwisha kumwahidi mtu wa Galu nguzo themanini, tena kwa mdomo uliojaa tabasamu. Susu alimpokea kwa chai na viazi vitamu, na hapo Chande alipaswa kujua kwamba kuna msiba.

"Kunywa, Chande. Nina neno."

"Mama Muange," alisema Chande, akimwita Susu kwa jina la mwanawe, "ukiniambia nina neno baada ya chai, najua nimeshaumia. Sema nikiwa na kikombe mkononi, nisije nikashika kichwa."

"Miti haiuzwi yote. Utachukua korija moja."

Korija ni ishirini. Chande aliweka kikombe chini.

"Korija moja? Lori lile nimelikodi nije kubeba fito za kuchokonolea meno?"

"Njoo uone."

Alimpeleka nyuma ya choo. Chande ni mtu wa miti, si wa udongo, lakini amezaliwa juu ya mchanga huu huu, na baba yake na babu yake. Aliuchota, akaubana mkononi, akafungua, ukabaki umeshikana. Alinitazama.

"Huyu amenunua Kitale," alisema.

"Hata mimi nilidhani hivyo nilipoliona karai la Kaindi," Susu alisema. "Chimba mwenyewe. Hapo, na hapo, na pale ninapofagia. Ulinganishe."

Alichimba. Pale anapofagia Susu alipata mchanga mweupe mpaka kwenye kiwiko, na ndani yake mzizi wenye vinundu, ukifanya kazi yake kwa uaminifu kwa mtu asiyemlipa. Chande aliutazama mzizi kwa muda. Akafukia shimo kwa mguu.

"Wallahi, mwanangu," aliniambia, "nilikuja kucheka."

"Unakaribishwa, mzee. Kucheka hakuhitaji lori."

"Huyu mumeo ana mdomo," alimwambia Susu.

"Wa kwanza alikuwa nao pia. Tuanze."

Sasa ndipo nilipoona mwanamke akifanya kazi. Nilidhani nimeshinda mimi, kumbe nilikuwa nimefungua mlango tu. Susu alichukua jivu la moto wa Jumamosi katika kopo, akapita katikati ya mivinje akiiangalia mmoja mmoja kama mama mkwe. Uliopinda, alama ya jivu. Iliyobanana miwili, mmoja alama. Uliowafunika wenzake jua, alama. Chande alifuata na kamba yake yenye mafundo, na kila alipoona nguzo iliyonyooka alikohoa, na kila alipokohoa Susu aliupita mti huo.

"Mama Muange, ule pale."

"Ule unazaa mbegu nzuri. Unabaki."

"Na huu?"

"Huu uko mstari wa bahari. Mstari wa bahari hauguswi. Muulize Iddi mipapai yake inasemaje."

"Ulisema Iddi hapalilii," nikamkumbusha.

"Hapalilii pia."

Alama zilipofika kumi na tisa alisimama, akapiga kopo kwenye goti zima, akasema imetosha. Chande alihesabu kwa kidole. Akahesabu tena akianzia upande wa pili.

"Korija ni ishirini."

"Ya kwangu ni kumi na tisa."

"Mama Muange, tangu dunia iumbwe korija ni ishirini. Ishirini ndiyo iliyoifanya korija iwe korija."

"Basi tafuta wa ishirini nisiouhitaji."

Alizunguka. Nampa haki yake, alizunguka kweli, nusu saa nzima, kamba begani, akitazama juu na chini, akisimama, akiondoka. Vijana wake walikaa wakala viazi. Mwisho alirudi, akatupa kamba yake kwa mmoja wao.

"Kateni kumi na tisa," alisema. "Na mtu yeyote asiniulize Galu nimewaambia nini."

Miti ilipoanza kuanguka, Susu hakungojea. Mwanga ulishuka pale ambapo hakukuwa na mwanga kwa miaka kumi na moja, vipande vipande vya jua juu ya mchanga, na yeye alikuwa tayari ameshajifunga khanga kiunoni, bakuli la mbegu za kunde ubavuni, jembe mkononi.

"Cornelius."

Nilisogea nyuma hatua moja.

"Wale wadudu wako wanajua kuhama wenyewe, au wanabebwa?"

"Wanabebwa, Susu."

"Basi beba. Anza kuwamwaga pale kwenye kile kisiki. Na usiniletee mmoja mmoja kama mgeni wa heshima, nataka kazi."